Kuandika Hadithi Kila Siku: Jinsi ya Kuacha Leo ili Uweze Kurudi Kesho

Wengi walioanza kuandika riwaya wakaiacha njiani hawana upungufu wa kipaji, wala shughuli zao si nyingi kuliko za wale waliomaliza. Ukiwadadisi, watakusimulia mambo yanayofanana: juma la kwanza na la pili kalamu ilikwenda yenyewe, kisha ikapita siku moja bila kuandika, ikafuata ya pili, ukatokea msiba kijijini uliohitaji safari, na waliporudi mezani wakakuta wahusika wao wamekuwa wageni, hata hawakumbuki tena kwa nini binti yule alikasirika wala barua ile ilikuwa imefichwa wapi. Hadithi hufia katika muda ulio kati ya kikao kimoja cha kuandika na kingine. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa utagusa kiasi, wakati na vifaa, utakaa zaidi kwenye swali ambalo waandishi wachanga hawalipi uzito: unaachaje kuandika leo ili kesho usilazimike kuanza upya?

Kiasi cha kila siku

Anza na kiasi unachoweza kukitimiza hata ukiwa umechoka. Kwa mtu mwenye kazi ya mshahara au biashara, familia na foleni za barabarani, napendekeza maneno 200 kwa siku, ambayo hukaribia ukurasa mmoja wa kaunta buku kwa mwandiko wa wastani. Kiasi hicho huonekana kidogo mno mpaka ukipigie hesabu: maneno 200 kila siku ni maneno 6,000 kwa mwezi wa siku 30, na 73,000 kwa mwaka, yaani riwaya nzima pamoja na ziada ya kupunguza wakati wa kusahihisha.

Wapo wanaochukua lengo lao kutoka kwenye NaNoWriMo, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1999, ambao ulimtaka mshiriki aandike maneno 50,000 katika mwezi wa Novemba, sawa na maneno 1,667 kwa siku. Lengo hilo lilikuwa la mwezi mmoja tu, na tena liliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, kama vile “hawakutuambia”, hubeba watenda, ukanushi, wakati na watendwa kwa pamoja, mambo ambayo Mwingereza huyatumia maneno matano. Hivyo anayeandika maneno 1,667 ya Kiswahili amefanya kazi kubwa kuliko aliyeandika idadi hiyohiyo ya Kiingereza, na asishangae akichoka kabla ya juma la pili kwisha.

Pamoja na kiasi cha kawaida, weka kiasi cha siku mbaya, nacho kiwe sentensi tatu. Siku ambayo mtoto ana homa, au umeme umekatika tangu mchana, au umerudi nyumbani saa tano usiku, utaandika sentensi tatu na kulala. Riwaya haikamiliki kwa sentensi tatu tatu, lakini ili kuziandika itakubidi ufungue daftari, usome ulipoishia na kuwaona tena wahusika wako, na huko kuwaona ndiko kunakotakiwa kutokatika.

Wakati na mahali

Ushauri uliozoeleka ni kuchagua saa maalumu na kuishika. Kwa watu wengi wa kwetu ushauri huu hauna nguvu, kwa sababu saa zetu hazitulii: mwenye zamu za usiku hubadilishiwa ratiba kila wiki, mwenye duka hufungua kulingana na wateja, na mwezi wa Ramadhani hupindua mpangilio wote wa siku. Ni afadhali uandishi ufungwe kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, lolote litakalokuwa saa ya jambo hilo. Sema, kwa mfano, kwamba ukishamaliza swala ya alfajiri utaketi kuandika kabla ya kubandika chai, au kwamba ukishapata kiti kwenye daladala utafungua hadithi kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Kwa Ramadhani panga mapema: wengine huandika baada ya daku wakisubiri alfajiri, wengine baada ya tarawehe, lakini uamuzi ufanywe katika Shaabani, usingoje uchovu wa siku ya tatu ya mfungo ndipo uamue.

Utafiti unaunga mkono njia hii kwa kiasi fulani. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha UCL jijini London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kujenga zoea jipya kwa kulifungamanisha na tukio la kila siku, kama vile kifungua kinywa. Kwa makadirio yao, tendo lilichukua wastani wa siku 66 kabla ya kuwa jambo linalojifanya lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Anayekuahidi kwamba utakuwa umezoea baada ya siku 21 anakudanganya. Jipe miezi mitatu au minne kabla ya kujihukumu.

Mfano wa mwajiriwa aliyeandika kila siku ni Mwingereza Anthony Trollope, aliyefanya kazi katika Idara ya Posta kwa miaka zaidi ya 30 na kuandika riwaya 47. Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1883 baada ya kifo chake, alieleza kwamba aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake, na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Kasi hiyo si ya kuigwa na kila mtu, na binafsi naiona ya kutisha. Lenye manufaa zaidi ni mambo mawili anayoyataja pembeni. La kwanza ni kwamba nusu saa ya mwanzo aliitumia kusoma alichokiandika jana. La pili ni kwamba alimlipa mtumishi wake mzee pauni tano za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, naye akakiri kwamba pengine mafanikio yake alikuwa akidaiwa na mtumishi huyo kuliko na mtu mwingine yeyote. Sisi wenye muadhini jirani tunaamshwa bure, lakini kahawa bado ni juu yetu.

Nyumbani watu waelezwe, tena kwa maneno ya wazi na ya muda mfupi. “Mama Salma, naomba nusu saa hii nisiitwe, nikimaliza nitawapeleka watoto shule mwenyewe” ni ombi linalokubalika, kwa kuwa lina mwisho na lina malipo. Mwandishi anayejifungia chumbani bila maelezo, naye hajachapisha chochote, huonekana mvivu, na baada ya mwezi mmoja manung’uniko ya nyumbani yatakuwa yamemshinda.

Namna ya kuacha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtu anapoandika vizuri, hamu humsukuma amalize tukio lote, afunge sura, apumue. Siku ile ataridhika sana. Kesho yake atakaa mbele ya ukurasa mweupe wenye neno “Sura ya Tano” na hana hata mtu mmoja anayetembea ndani yake, na hapo ndipo ataona kwamba nguo hazijafuliwa. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958, alieleza kwamba alikuwa akiacha kuandika wakati bado ana nguvu na anajua litakalofuata. Ni ushauri unaonukuliwa mara nyingi na kufuatwa mara chache, kwa sababu haielezwi namna ya kuutekeleza, kwa hiyo nitauonyesha kwa mfano.

Tuseme unaandika kisa cha Mwanaidi, mjane anayeuza vitumbua Tandale, ambaye amekuta katika mfuko wa koti la marehemu mumewe risiti ya nyumba ya kulala wageni ya Morogoro. Leo umemfikisha Morogoro, amepata nyumba yenyewe, anasimama mapokezi. Kishawishi ni kumaliza yote: aambiwe siri, alie, apande basi la kurudi. Usimalize. Andika hivi, kisha uache hapohapo, katikati ya kauli ya mtu:

Mhudumu aliipokea ile karatasi, akaisogeza karibu na balbu, akaisoma huku midomo ikimcheza. Kisha akaita ndani bila kugeuza shingo, “Mama Rehema! Njoo uone. Yule wa

Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine au ndani ya mabano, andika maelezo ya kesho: “Mama Rehema anatoka na mtoto. Mwanaidi aone kwanza masikio ya mtoto. Asiulize chochote, aagize chai.”

Maelezo hayo ni mafupi, lakini yana mambo matatu ambayo naona hayafai kukosekana. Yanasema kitakachotokea, yaani Mama Rehema anatoka na mtoto. Yanatoa kitu kimoja cha kuonekana kwa macho, yaani masikio, ambayo msomaji ataelewa mara moja yanafanana na ya nani. Na yanazuia jambo moja: Mwanaidi haulizi. Katazo hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu mwandishi anayerudi akiwa na usingizi huelekea kuandika jambo la kwanza linalokuja, nalo mara nyingi ni swali na jibu, mtu anauliza na mwenzake anaeleza kila kitu, na taharuki yote inamwagika katika aya moja. Linganisha na maelezo ambayo wengi hujiachia, kama “Endelea na safari ya Morogoro.” Hayo hayakusaidii kitu, kwani hata bila kuyaandika ungejua kwamba safari inaendelea.

Kesho yake kazi yako ya kwanza si kuandika hadithi, bali ni kumalizia kauli ya mhudumu. “Yule wa” nani? Wa koti la kahawia? Wa kila Ijumaa? Maneno mawili au matatu yanatosha, na ukishayaandika utakuwa tayari uko ndani ya chumba kile, Mama Rehema anafuta mikono kwa kanga, na kalamu inatembea kabla hujapata nafasi ya kujiuliza kama leo una ari au huna.

Katika muda ulio kati ya vikao, beba swali moja tu. Kwa kisa hiki linaweza kuwa: kwa nini marehemu aliitunza risiti badala ya kuitupa? Huna haja ya kulitafutia jibu kwa nguvu. Lijiulize unapopanga foleni, unapooga, unapongoja wali uive. Swali moja hukaa kichwani, ilhali maswali kumi hugeuka wasiwasi.

Kusoma cha jana bila kukwama nacho

Kila kikao kianze kwa kusoma ukurasa wa mwisho, na usomwe huo tu. Anayerudi mwanzo wa sura kila siku hujikuta ana sura ya kwanza iliyong’arishwa mara nyingi na hana sura ya pili. Sahihisha tahajia na jina lililokosewa, mengine yasubiri. Ukiona aya mbaya, weka alama pembeni na upite.

Tahadhari hiyohiyo ihusu mambo ya kutafiti. Unapofika mahali panapohitaji nauli ya basi, jina la mtaa au dawa ambayo daktari angetoa, andika XX na uendelee: “Alilipa shilingi XX, akarudishiwa chenji ya sarafu tupu.” Kufungua intaneti kutafuta nauli ni kutoka ndani ya hadithi, na mlango wa kutokea ni mpana kuliko wa kurudi. Siku moja katika juma, pengine Jumapili mchana, zitafute XX zote na uzijaze kwa mkupuo.

Zipo siku ambazo maelezo ya jana yanasomeka vizuri lakini tukio halisogei. Mara nyingi sababu ni kwamba mmoja wa waliomo katika tukio hataki chochote, amewekwa pale ili kumsikiliza mwenzake. Muulize kila mhusika anataka nini dakika hiyo, hata kama ni kukojoa au kuwahi basi, na mazungumzo yatabadilika. Ikishindikana, ruka. Hakuna sheria inayomtaka mwandishi afuate mpangilio wa sura; andika leo tukio la mazishi ambalo umekuwa ukiliona tangu mwanzo, na daraja la kulifikia utalijenga baadaye.

Simu

Riwaya nyingi za vijana wa leo huandikwa kwa simu, na sioni sababu ya kulidharau jambo hilo. Simu ipo mkononi, haihitaji meza, na umeme ukikatika bado inawaka. Lakini kuna maandalizi. Zima usahihishaji wa moja kwa moja, au weka kibodi ya Kiswahili, ambayo inapatikana katika simu nyingi za kisasa, la sivyo utapoteza nusu ya kikao ukipigana na mashine inayogeuza “sana” na “kama” kuwa maneno ya Kiingereza. Weka simu katika hali ya ndegeni kabla ya kufungua hadithi. Ukimaliza, washa mtandao na ujitumie nakala kwa barua pepe, kila siku, bila kusubiri sura iishe, kwa sababu simu huibiwa na huanguka ndani ya maji. Maelezo ya kesho pia yawe mwisho wa faili lenyewe, yasiwe katika programu nyingine ambayo utasahau kuifungua.

Wasomaji wanaosubiri

Kuna waandishi ambao hawakujenga zoea lao kwa kengele wala kwa kafeini, wamelijenga kwa wasomaji. Hawa ni wale wa simulizi za mfululizo, wanaorusha sehemu ya kwanza, ya pili, ya kumi na saba katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, na mara nyingine kuuza sehemu zilizobaki kwa malipo madogo ya simu. Msomaji anayeandika “Mwandishi, leo vipi, mbona kimya?” ana nguvu ya kumtoa mtu kitandani kuliko lengo lolote lililobandikwa ukutani, na anayedharau njia hii asisahau kwamba magazeti na majarida yetu yamekuwa yakichapa hadithi kwa mfululizo kwa miongo mingi.

Hatari yake ni kurusha leo kile ulichokiandika leo. Mwandishi wa namna hiyo akiugua siku mbili huwa amekopa, akirudi anaandika kwa haraka ili kuwatuliza watu, na katika haraka hiyo marehemu wa sehemu ya nne anaonekana akinywa chai katika sehemu ya thelathini. Fanya hivi: andika kila siku, lakini rusha mara tatu kwa juma, na usianze kurusha kabla hujawa na angalau sehemu kumi za akiba. Akiba ikipungua hadi tano, watangazie wasomaji mapumziko mafupi. Watalalamika na watabaki. Maoni yao yasome baada ya kuandika, kamwe si kabla, kwa maana wasomaji kumi wakikuomba umuoze Mwanaidi kwa mhudumu wa mapokezi, utajikuta unaandaa harusi.

Siku zilizokatika

Zitakuwepo. Watafiti wale wa UCL waliona kwamba kukosa nafasi moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana ujenzi wa zoea, na hilo liwatulize wanaojilaumu. Kosa ni kutaka kulipa. Aliyekosa siku nne akaamua leo ataandika maneno 1,000 ili kufidia ataandika 300, ataona ameshindwa, na kesho hatafungua daftari. Siku zilizopita zimepita. Anza na kiasi cha siku mbaya, sentensi tatu, na kesho yake urudi kwenye 200.

Baada ya pengo refu, la wiki mbili au zaidi, usisome mswada wote. Nakili kwa mkono, neno kwa neno, aya mbili za mwisho ulizoandika. Kunakili kunaurudisha mkono katika sauti ya msimulizi, urefu wa sentensi zake na maneno anayoyapenda, jambo ambalo kusoma peke yake hakulifanyi. Ukifika mwisho wa aya ya pili, endelea bila kuinua kalamu.

Sishauri kutumia programu zinazohesabu siku mfululizo na kukupongeza kwa nyota. Mtu mwenye mfululizo mrefu huandika chochote dakika mbili kabla ya saa sita usiku ili namba isirudi sifuri, na hapo anayetumikiwa ni namba. Weka badala yake orodha ya kawaida nyuma ya daftari, yenye tarehe, idadi ya maneno na neno moja la mahali ulipoishia: “mapokezi”, “masikio”, “chai”. Baada ya miezi michache orodha hiyo itakuonyesha siku gani za juma huandiki na ni matukio ya namna gani hukukwamisha, nawe utarekebisha ratiba kwa ushahidi.

Hadithi ikikamilika, kikao cha kesho yake kibaki palepale, kwani mapumziko ya “wiki moja tu” baada ya kumaliza mswada ndiyo yanayowapoteza wengi. Siku unayoandika ukurasa wa mwisho, andika pia sentensi ya kwanza ya hadithi nyingine, hata kama ni mbaya, pamoja na maelezo yake ya kesho. Mswada uliokamilika utolewe nakala mbili, moja ihifadhiwe nje ya simu, na usifunguliwe kwa wiki nne. Utakapofunguliwa kwa kusahihishwa, upewe saa yake nyingine, jioni au mwisho wa juma, na muda wa asubuhi uachiwe hadithi mpya.